Kilo za Karani

8 Januari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nimeisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni na mfuko wa nyanya mkononi. Unasema Karani alisusa chakula Jumapili nzima, Jumatatu akala kama kawaida, na kwamba "si kitu."

Baba, maneno hayo hayo tuliyasema juu ya mama kwa miezi minane. Tulisema amechoka. Tulisema ni joto. Wewe ulikuwa unakaa naye meza moja kila siku, mimi nilikuwa nasoma barua zake tu, na labda ndiyo maana hatukumwona akipungua. Mbwa huyu alikuwa wake, alimkuza kwa maziwa ya kijiko, na sasa ndiye masikio yako. Mtu akibisha hodi ni Karani anayekuja kukuvuta suruali. Bila yeye tarishi atagonga mpaka achoke, aondoke na barua zangu.

Kwa kuwa simu huisikii, na ujumbe wa simu wewe unasema herufi zake ni kama mayai ya chawa, tuandikiane. Nimemuuliza mteja wetu mmoja anayefuga mbwa sita. Anasema mbwa akiumwa hasemi, huficha mpaka ashindwe, kwa hiyo lazima umwangalie kabla hajashindwa. Usihangaike na pua, pua kavu si kitu, hata mbwa aliyelala juani huwa nayo. Mwinue mdomo utazame fizi. Bonyeza kwa kidole: pageuke peupe, halafu damu irudi kabla hujahesabu mbili. Mvute ngozi ya shingoni uiachie, irudi upesi. Angalia kama anajificha chini ya kitanda, kama anaacha kukupokea, kama manyoya yamekufa rangi. Zaidi ya yote, angalia maji anayokunywa na uzito wake.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha plastiki ya waridi. Ndiyo tunayotengenezea fizi za meno ya bandia hapa karakana. Mlinganishie Karani.

Mwanao


19 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Hapa kwetu mimi na Karani hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe uliye peke yako huko na meno ya watu.

Kipande chako kimefika. Nilipomwekea mdomoni alidhani ni zawadi, akakimbia nacho hadi chini ya kabati, ikabidi nilale kifudifudi na ufagio kukitoa. Jirani alichungulia dirishani akanikuta miguu nje kichwa ndani, sijui amekwenda kusema nini huko. Fizi zimelingana kabisa, pamoja na alama za meno kwenye kipande. Nimebonyeza, sikufika mbili.

Uzito usinifundishe. Nimepima magunia kinuni miaka thelathini na nne, masikio yameishia hukohuko, lakini macho ya mizani ninayo. Ile mizani ya jukwaa waliyoniaga nayo nimeitoa stoo, nimeifuta vumbi na kuipaka mafuta. Karani haitaki. Ikitikisika anaruka. Basi nimembeba kifuani, nikapanda naye, mizani ikasema tisini na mbili. Mimi ni sabini na moja, hilo kila mtu kinuni alilijua, walikuwa wakiniita Sabini na Moja kabla ya kuniita jina. Toa, inabaki ishirini na moja. Nimeandika kwenye kalenda.

Maji nayapima kwa mtungi, ule wa jikoni. Tunachota humo wote wawili. Najaza Jumatatu asubuhi, unaisha Alhamisi.

Usijisumbue juu yetu. Kazi kwanza.

Baba yako


24 Februari

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, tuna oda kubwa na mwenzangu mmoja ameacha kazi. Nafurahi kusikia Karani ni mzima. Kilo ishirini na moja ni nzuri. Endelea kumwangalia. Nitaandika kwa urefu nikipata nafasi.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Tumepokea mistari yako, nimemsomea Karani, ilimalizika kabla hajakaa vizuri.

Nina habari moja, wala usishtuke. Leo ni Jumamosi, siku ya mizani. Themanini na nane. Nimeshuka, nimekagua kama jukwaa limekaa sawa, nimepanda tena. Themanini na nane. Maana yake Karani amebaki kumi na saba. Kilo nne zimekwenda wapi? Anakula vizuri. Sufuria analilamba mpaka linahama jikoni.

Na mtungi sasa ukijazwa Jumatatu unakauka Jumatano kabla ya saa sita. Nimemvizia wala simwoni akinywa kwa fujo. Huenda anakunywa nikiwa nimelala mchana, maana siku hizi usingizi wa mchana unanichukua hadi jioni. Ni uzee na jua.

Fizi sawa. Ngozi inarudi. Manyoya yanang'aa. Nakuambia yote kama ulivyotaka.

Baba yako


9 Machi

Baba yangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Leo nimeomba ruhusa ya saa moja kazini nikuandikie, na nimejifungia kwenye chumba cha plasta ambako hakuna anayeingia.

Kunywa sana na kukonda huku anakula: mteja wangu wa mbwa sita hakupenda kusikia hayo mawili kwa pamoja. Anasema yaweza kuwa figo, yaweza kuwa sukari, mbwa nao hupata sukari. Ameniambia uangalie haya. Je, anakojoa mara nyingi kuliko zamani? Je, pumzi yake ina harufu tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi? Je, miguu ya nyuma inalegea akipanda ngazi? Macho yana ukungu? Akilala, anahema haraka?

Baba, siwezi kuvumilia mara ya pili. Naona aibu kukwambia, lakini hapa sina mtu. Naamka, nakaa mbele ya meno, natengeneza tabasamu za watu ambao sitawaona, narudi chumbani, napika chakula cha mtu mmoja, nusu yake namwaga. Mama alipokuwepo alikuwa ananiandikia upuuzi mtupu, kuku wa jirani amefanya hivi, Karani ameiba soksi. Sasa upuuzi huo unatoka kwako, na Karani ndiye anayeutoa. Akifa sijui mimi na wewe tutazungumza nini.

Nijibu upesi. Nami nitaandika kila wiki, oda au si oda. Ukisema nije, nakuja.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nimepokea barua mbili ndani ya siku nane! Tarishi ameniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia ndiyo, ana manyoya na anakonda.

Nakujibu moja moja. Kukojoa, anakojoa kama kawaida yake, kwenye kona ya ua na kwenye baiskeli ya jirani. Pumzi inanuka mbwa. Miguu imara, jana amemfukuza paka mpaka juu ya ukuta akabaki chini analia kwa hasira. Macho safi. Akilala anaota anakimbia.

Lakini mizani ni mizani. Themanini na tano. Kumi na nne, mwanangu. Nikimbeba mikono haisemi hivyo. Mikono inasema ni mzito kuliko mwanzo, mpaka ninatetemeka nikishuka naye. Lakini mimi ni mtu wa mizani, sikuwahi kuamini mikono.

Mtungi sasa unajazwa kila siku.

Halafu nikucheke kidogo. Siku ile nilipomlinganisha fizi, nilichukua kioo nikajilinganisha na mimi. Sikulingana! Zangu nyekundu na zimevimba, nikisugua meno zinatoa damu. Lakini hilo ni la uzee, wala mimi si mbwa.

Nasoma barua zako mezani, kwenye kiti cha mama yako, maana hapo mwanga ni mzuri. Andika tu, hata ya kuku wa jirani. Kuja usijisumbue.

Baba yako


26 Machi

Baba,

Kumi na nne! Amepoteza theluthi ya mwili wake halafu anafukuza paka? Kuna kitu hakiingii akilini, lakini sitakaa nikisubiri kiingie. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Si wiki ijayo. Mwambie kilo zote, tarehe zote, beba kalenda yenyewe. Mwambie apime damu na mkojo. Akisema yoyote niandikie hata kama ni mabaya, hasa kama ni mabaya.

Niko tayari kuja. Sema tu.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Tumekwenda. Karani alijikaza kiume mpaka alipoona sindano, akakojoa kwenye kiatu cha daktari. Daktari ni mtu wa maneno machache, lakini mikono yake mizuri, amempapasa kila mahali. Amechukua damu.

Amesema tusubiri, tuangalie hali. Mambo haya hayataki haraka.

Wewe endelea kuandika, ukiniuliza maswali kama yale. Yananisaidia kumwangalia. Lile la macho ulilouliza nimelipenda. Uliza na la masikio. Tuko hivyo hivyo, na wewe usijisumbue kuja, safari ni ndefu.

Baba yako


19 Aprili

Kwako binti,

Nimepata barua yako na orodha yako ya kilo. Umeniuliza matokeo ya vipimo vya mbwa. Nilidhani baba yako ameshakupa, kwa sababu nilimpa siku ileile.

Mbwa ni mzima. Damu safi, mkojo safi. Nilimweka peke yake juu ya mizani yangu, tukamshikilia watu wawili, na ni kilo ishirini na moja. Ningemshauri apunguze mabaki ya mezani.

Nilimuuliza mzee alimpimaje nyumbani. Akanieleza kwamba humbeba, kisha hutoa kilo zake mwenyewe. Nikamuuliza hizo kilo zake mwenyewe alizipima lini. Akakaa kwenye benchi, akautazama mkanda wake. Wakati mbwa akishughulikiwa alikuwa ameshakunywa bilauri nne za maji, na mkanda wake umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari.

Mimi ni daktari wa wanyama, habari za watu si fani yangu. Lakini macho ninayo. Nilimwambia aende hospitali kesho yake. Akaniomba nisikuandikie. Sikumwahidi.

Mbwa hapungui, binti. Anayepungua ni aliyembeba.

Daktari wa mifugo


24 Aprili

Baba,

Sikuamkii. Nimekasirika na shikamoo itanitoka baadaye.

Kwa nini? Siku ileile ulijua. Ulikaa kwenye benchi la daktari ukajua, halafu ukarudi nyumbani ukanyoosha karatasi ukaniandikia "tusubiri, tuangalie hali." Ukaniambia nikuulize masikio ya mbwa!

Mtungi ni wewe. Usingizi wa mchana ni wewe. Mikono inayotetemeka ni wewe, mbwa hakuongezeka hata ratili. Na fizi, baba. Mimi ni mtu wa fizi. Nashinda nazo, naota nazo. Baba yangu mzazi ananiandikia kwamba fizi zake zimevimba na zinatoa damu, nami nikapita juu ya mstari huo kama napita juu ya koma, nikakimbilia kumi na nne ya Karani. Nimeutafuta mstari huo leo, nimeusoma nikalia mbele ya wenzangu, wakadhani nimeungua na nta ya moto tunayofinyangia meno.

Umekwenda hospitali au hukwenda? Nijibu hilo kwanza. Usiniandikie neno moja la mbwa.

Mwanao


1 Mei

Mwanangu,

Sikwenda. Nitakwenda Jumatatu, jirani amesema atanipeleka, na safari hii nimekubali.

Sasa nikueleze, maana umeuliza kwa nini.

Kinuni, mwanangu, kabla hujapima gunia hata moja asubuhi, unapima kwanza toroli tupu. Kila siku. Hata kama jana uliipima. Kwa sababu toroli inaokota matope, inalika magurudumu, haibaki ileile. Asiyepima toroli tupu anawaibia watu bila kujua. Nilifundisha vijana wengi jambo hilo moja, na aliyelisahau nilimrudisha kwenye kufagia. Na mimi nilipanda mizani miezi mitatu nikitoa sabini na moja yangu ya siku ya kuagwa. Daktari aliponiuliza nilizipima lini, niliona haya ambayo sijawahi kuyaona maishani. Nilitamani ardhi inimeze na benchi lake.

Hayo ni ya kosa. La uongo ni jingine, na hili ndilo gumu.

Karani alipokuwa mzima uliniandikia mistari mitano. Sikulaumu, una kazi. Karani alipoanza kupungua, uliandika kurasa tatu. Ukaniambia unachopika, ukaniambia unamwaga nusu, ukaniambia huna mtu. Hayo hukuwahi kuniambia, ulikuwa unamwambia mama yako. Tarishi akawa anakuja kila Ijumaa. Ijumaa nilikuwa navaa shati.

Sasa niandike kwamba mbwa ni mzima? Ningeandika, nawe ungefurahi, ungejibu mistari mitano. Hospitali sikuiogopa sana, mwanangu. Niliogopa mbwa kupona.

Juzi nimepanda mizani peke yangu. Sitini na mbili.

Baba yako


6 Mei

Baba,

Shikamoo, zote mbili, ya leo na ile niliyokunyima.

Mimi nami nina langu. Habari za mbwa ni rahisi kuuliza. Amekula? Amelala? Fizi zikoje? Habari zako sikujua nianzie wapi tangu tulipomzika mama. Ningekuuliza unalala vipi, ungejibu hujambo, nami ningejua ni uongo nisijue la kufanya nao. Basi nikamtanguliza Karani, nikawa naulizia kwake. Tumemkondesha mbwa wa watu bure.

Nimeomba likizo, wamenipa wiki tatu, na bosi amesema nikihitaji zaidi niseme. Sanduku liko wazi kitandani. Lakini sitalifunga bado, na nisikilize kwa nini. Tangu mazishi karibu kila barua yako inaisha na "usijisumbue." Nimezihesabu hata zile ambazo sikuwa nimekuuliza kama nije, na bado umeliandika. Nikija kwa ajili ya daktari, utanipikia, utanitandikia, utasema umepona, utanisindikiza kituoni siku ya nne. Nakujua.

Sitaki kuja kwa ajili ya mbwa, wala ya sukari kama ni sukari. Hujawahi kuniita, baba, hata siku ile mama anazidiwa. Aliyeniita ni jirani. Safari hii niite mwenyewe.

Mwanao


12 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na habari za hospitali: ni sukari, imepanda sana, wamenipa sindano na muuguzi amenionyesha jinsi ya kujichoma tumboni, wanasema nimechelewa lakini sijachelewa kabisa. Ikaishia na neno lile lile. Nikaichana. Ya pili nilisema nitajikaza nisiliandike, nikaandika kurasa mbili nzuri, mwishoni mkono ukaliandika wenyewe. Nikaichana nayo.

Hii naiandikia hapahapa posta, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba, nimesimama, kuna mama nyuma yangu anataka kaunta. Nikirudi nyumbani nitabadili mawazo.

Nyumba imekuwa kubwa kwangu. Nimechoka kukaa humo peke yangu.

Njoo.

Baba yako